Hasi Katikati

Nilimwagiza Asaa, aendaye Unguja kila Jumamosi,
aniletee jeki.
Kaniletea ya kuinulia gari, ya tani mbili,
kaibeba begani toka bandarini hadi Mtemani
huku akinilaani mimi na ufundi wangu.
Jeki yangu, nikamwambia, hukaa juu ya ukucha.
Haiinui kitu ila sauti ya gitaa la kaka yangu Mbarouk,
na hiyo yenyewe mpaka uiunganishe sawasawa.

Sikuiunganisha sawasawa.
Redio, rauta, taa ya kuchaji, vyote vimezoea
chanya kukaa kati kama bwana harusi
na hasi kumzunguka.
Kisanduku cha gitaa hakiijui mila hiyo:
hasi katikati, chanya pembeni.
Mie n'chomeke adapta ya rauta,
chipu inuke kama unywele kwenye pasi.
Shilingi elfu kumi na mbili, moshi haufiki wa udi.
Mbarouk alicheka mpaka akakaa chini.

Cha pili nilikijenga ndani ya kopo la biskuti la mama,
lile ambalo sijapata kuona biskuti ndani yake,
sindano na vifungo tu.
Nikalitoboa kwa msumari wa moto. Ukingo ukanichana kidole.

Jeki ina ndimi tatu.
Wa pini: waya mweusi.
Wa pembeni: mwekundu, uende kwenye saketi.
Wa tatu ndio wenye adabu.
Huishika chanya ya betri, umemwegemea wa pili,
na plagi ikiingia tu, humwachia,
betri ikapumzika, isiliwe bure.
Mgeni njoo, mwenyeji apone!
Nilipoelewa nilicheka peke yangu saa nane za usiku,
risasi ikadondokea kanga
ikatoboa neno moja la jina kwenye pindo.

Harusi ilikuwa Minungwini.
Wimbo wa tatu, umeme wa Tanga,
unaokuja kwetu kwa kutambaa chini ya bahari,
ukachoka njiani.
Hatukuwa na wasiwasi. Ampli tuliifunga betri ya gari.
Mbarouk akapiga uzi.
Kimya.
Akapiga tena. Makofi ya wanawake yakabaki hewani,
na nyuma ya pazia mtu akasema, taratibu, ili nisikie:
"Ndo fundi mwanamke huyo."

Betri mpya imo tumboni mwa kopo, nimeitia kwa mkono wangu.
Sasa kimekufa kwa nini?
Nikapiga magoti, tochi ya simu mdomoni,
nikaiona plagi.
Haina umeme, lakini imo tunduni.
Ulimi wa tatu hauulizi kama mgeni yu hai.
Unachojua ni kuwa nafasi imejaa.

"Ng'oa plagi!"
"Nini?"
"Ing'oe, Mbarouk, ing'oe!"

Tik, ndogo, kama kuvunja mbegu ya ubuyu.
Kisha uzi ule ule, kavu kidogo mwanzo,
kisha harusi nzima juu.

Nilirudi nyuma ya vespa ya Asaa, vidole vinanuka risasi.
Sikuwa nikiifikiria harusi.
Mlangoni kwangu pana jozi ya makubadhi ya kiume.
Ramadhani sita sasa mwenyewe yuko Maskati,
hana barua, hana matumizi, hana talaka.
Kila Ijumaa nayapangusa vumbi.
Majirani wakipita wanayaona, wanasema
nyumba hii ina mwenyewe.

Niliyatazama usiku ule kwa tochi ile ile.

Jumatatu nilifunga duka kabla ya adhuhuri
nikenda kwa kadhi.
Mkobani: cheti cha ndoa, chupa ya maji, koleo.
Koleo halikuwa na kazi huko.
Nililichukua kwa mazoea tu.